Kikombe Alichoonja Resty

Kaberebere, 6 Mei 2024

Mdogo wangu Thaddée,

“Katika nchi ya watu, hata kikombe cha chai kina ndoana ndani.” Ndivyo ulivyosema siku uliponifukuza kwako Kashojwa, hapo kambini kwa wakimbizi, kwa sababu nilikuita mwoga. Wiki tatu natembea na maneno hayo pamoja na mzigo wa vitenge. Ni uongo, na nitaujibu.

Lakini kwanza, umeamkaje? Jicho la kulia bado linaona mkono? Mkeo Ancilla na watoto wazima? Mimi ni mzima, ila miguu imevimba na nimechoka hadi kwenye meno.

Sasa sikiliza. Pale Kabingo, mzee mmoja alinisogezea chai kavu, ile isiyo na maziwa, akasema aliyebeba mzigo kama ule haulizwi bei. Mbarara kuna Resty, anapika chai kwa maziwa matupu, tangawizi, na majani yanayonukia wanayoita mujaaja. Akiniona tu, ananiachia benchi ninyooshe miguu. Ndoana iko wapi? Nionyeshe.

Hospitali wamekubali kukutoa mtoto wa jicho Jumanne, tarehe 11 Juni. Wamesema ukichelewa sana, hata hilo moja litakufa. Ancilla, msomee yote, usiruke mstari.

Dada yako mkubwa,
Capitoline

Kashojwa, 15 Mei 2024

Dada Capitoline,

Amani kwako. Ancilla anaandika, mimi nasema. Maharage yameota mengi, watoto hawajambo. Pole na miguu. Jicho linaona mkono, vidole halivihesabu tena.

Mihigo wa mkaa alipita hapa. Amesema huyo Resty wako ni bibi wa askari, na kibanda kiko mbele ya kambi ya jeshi. Uliandika tangawizi, uliandika majani, askari ukamsahau? Wewe uliyesoma vitabu vyote!

Unajua nani walinivunja mbavu kule nyumbani Burundi. Utasema askari wale si hawa. Nguo ni nguo. Hiyo randevu ya hospitali umpe mtu mwingine. Hapa naenda chooni kwa kuhesabu hatua, inanitosha.

Mdogo wako,
Thaddée

Dada, ni mimi Ancilla, hapa sijamsomea. Jana alimmwagia mtoto uji wa moto. Hakumwona. Tangu jana hali chakula.

Mbarara, 20 Mei 2024

Mdogo wangu,

Salamu kwenu nyote, na pole kwa mtoto. Nimesikia, usiulize kwa nani. Anaendeleaje?

Umenishika. Nilimficha askari kwa sababu sikuwa na hoja, na mimi bila hoja ni kama kuku bila manyoya. Sasa nakupa ukweli, hata ule unaoniaibisha.

Mara ya kwanza sikuinywa chai ya Resty. Kwetu anayekukaribisha huonja kwanza, ndipo mgeni apokee. Asiyeonja ana jambo lake. Resty hakuonja. Kwao desturi hiyo haipo. Nami nilishaona magwanda yakining'inia kwenye kamba nyuma yake. Nikageuka, nikaimwaga chini ya benchi. Aliniona.

“Mama Burundi, chai yangu mubaya?”

“Tumbo linaniuma.”

Safari ya pili nikaimwaga tena. Wake wa askari wakacheka: “Huyu tumbo yake inakuja na chai tu!” Resty hakucheka.

Safari ya tatu nilitoka hospitali, mvua imenilowesha, nimesimama foleni tangu asubuhi kuomba tarehe yako. Resty akamimina, akakiinua kikombe mbele ya wote, akanywa funda kubwa, akafuta mdomo, akanipa. Alikuwa amemuuliza Mburundi mwingine kwa nini watu wetu wanamwaga.

“Sasa kama ni kufa, tunakufa wawili. Kunywa, inapoa.”

Nilikunywa nikilia, Thaddée, mimi ninayegombana hata na padri. Mumewe, Hakim, alikuwa amechuchumaa kwenye beseni anaosha vikombe. Magwanda yalikuwa kwenye kamba ileile, yanadondosha maji kama nguo ya mtu yeyote.

Sikuambii usahau mbavu zako. Nakuambia waliokuvunja mbavu hawana haki ya kuchukua na macho.

Dada yako,
Capitoline

Mbarara, 11 Juni 2024

Thaddée, Ancilla,

Hamjambo? Najua mko hai, Mihigo amesema. Amesema pia mliisoma barua yangu, ila hamkunijibu.

Leo nimekaa kwa Resty tangu gari la kwanza kutoka kambini kwenu, Nakivale. Magari manne yamefika. Kila moja liliposimama, Resty alimimina kikombe, akaonja, akakifunika kwa sahani. “Ndugu yako atakuja na baridi,” anasema. Abiria wakaisha kushuka, wewe hukuwamo. Vikombe vinne, vyote nimevinywa mimi, vimepoa. Kisha nilirudi hospitali nikabishana mpaka wakachoka kunisikia, wakatoa tarehe nyingine. Jumanne ya tarehe 25 ndiyo ya mwisho. Sina nguvu ya kuomba nyingine.

Kwa hiyo sikubishii tena. Thaddée, ulisema nguo ni nguo. Njoo uniambie hapa, kwenye benchi hili, unitukane mbele ya watu ukitaka. Sitaki jibu la karatasi.

Na wewe Ancilla, unayesoma kwa sauti sasa hivi: nyamaza hapo. Kunja barua hii. Mpe viatu vyake, mshike mkono, na hatua zile anazohesabu kwenda chooni, mhesabie kwenda barabarani.

Dada yenu,
Capitoline