Kiti cha Biro

Uvira, Jumanne

Na bado anajiona mkubwa! Shemeji yangu Anselme, karani wa serikali, alirithi kiti cha ofisini cha bosi wake Mbelgiji siku za uhuru, na tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Kwenye kilio cha Baba majirani wote walituletea viti vyao. Yeye akasema, "Hii iko kiti ya biro, haiko ya kilio." Mjomba, na miguu yake iliyovimba, akakaa chini siku tatu.

Leo waasi wameanza kusaka makarani huko Kavimvira. Anselme akaingia kwangu mbio, kiti kichwani.

"Shemeji, useme iko yako. Minye niko mulimaji tu."

Mulimaji, na mikono laini vile!

Nilimficha nyuma ya magunia ya mpunga kwa sababu ya dada yangu tu. Kiti nikakipasua kwa shoka, nikapikia maharage. Alikula sahani mbili, akalalamikia chumvi.

Jioni nimechokora majivu. Kibati cha kile kiti, chenye namba ya serikali, hakikuungua. Naogopa waasi wakikikuta kwangu.

Anselme anakiomba. Eti mambo yakitulia, atakipigilia kwenye kiti kipya.