Nyuso Zilizobaki Kwenye Utepe

Chake Chake, Pemba
Jumapili, baada ya alasiri

Kwako mama yangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nakuuliza hali yako kwa maandishi, maana kwenye simu wewe husema "mzima" hata ukiwa umelala na homa. Kifua kimepoa? Bibi goti lake linamruhusu kusujudu, au bado anasali juu ya kiti? Na Idi ameacha kutoroka madrasa? Mimi mwili wangu hauna neno, alhamdulillahi. Ninakula, na shule ninakwenda.

Barua hii anakuletea mama yake Nasra, rafiki yangu wa darasani, anayevuka kuja Tanga kumtazama dada yake. Nimeandika kwa sababu simu ya hapa ni ya shangazi, na kila nikizungumza nawe yeye huiweka spika. Siku hizi mbili tatu atakupigia akwambie kwamba mimi nimetoa siri za maharusi wa watu na nimemvunjia nyumba Rukia wa Vitongoji. Nataka uijue kweli kabla hujaisikia hiyo yake. Kisha nina ombi, lakini bila ya kisa hutalielewa, kwa hiyo nianze na kisa.

Kazi ya shangazi Asya unaijua. Huku, siku ya wanawake, bibi harusi hukaa wazi, na nywele zake na hina yake, na mlangoni huwekwa kapu la kukusanyia simu. Anayepiga picha ni shangazi peke yake. Anakuja kuzisafisha nyumbani mlango ukiwa umefungwa, kisha kadi ya kamera anairudisha tupu mkononi mwa bibi harusi mwenyewe. Mwanamume haingii chumba kile. Hata fundi umeme husubiri uani mpaka kila kitu kifunikwe. Ndiyo maana watu wanamfuata kutoka Wingwi mpaka Wambaa. Hawamfuati kwa uzuri wa picha, wanamfuata kwa sababu ya mlango ule.

Printa yake ya zamani ilipokufa tulikwenda dukani kwa Hamadi, kijana anayeuza simu na mizigo inayotoka Maskati. Alikuwa na mbili. Moja ya chupa za wino, kubwa, inakwenda polepole. Ya pili ndogo, haitumii wino, ina katriji yenye utepe wa rangi, na juu yake katoni nzima ya utepe na karatasi zake.

"Bi Asya, hii picha yake inatoka kavu," alisema Hamadi. "Itie ndani ya ndoo ya maji, uitoe, uifute. Na hiyo katoni ni zawadi yangu kwako."

Mimi aina ile nilikuwa nimeisoma kwenye kompyuta ya shule. Kiwanda kimeacha kuitengeneza, na utepe wa aina nyingine hauingii ndani yake. Nikamwambia shangazi kwa sauti ya chini, "Tuulize kwanza. Katoni hii ikisha tutapata wapi nyingine? Wino wa chupa upo kila duka la madaftari."

Shangazi akawageukia wanawake waliokuwa wakinunua vocha. "Mnamsikia mtoto wa kaka yangu? Siku ya kuolewa huyu atamuuliza bwana harusi spea zake zinapatikana wapi!"

Walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Hamadi naye akacheka. Mimi nilitazama viatu vyangu. Tangu siku ile mtaani naitwa Bi Spea.

Siwezi kusema mashine ilikuwa mbaya. Nilipenda kuitazama ikifanya kazi. Karatasi huingia na kutoka mara nyingi, kila mara na rangi yake. Kwanza bibi harusi hutoka wa manjano, kama aliyepakwa singo ya kulainishia ngozi, kisha wekundu unaingia, kisha buluu, na ghafla yupo mzima anakutazama. Picha za Rukia tulizisafisha hivyo. Yeye mwenyewe alikaa kitandani akizipokea moja moja, akanipa kashata, akaniambia, "Nawe utakuja kukaa hivi, inshallah, na miye nitakupigia vigelegele."

Katoni ikaisha Mfunguo Mosi, Ramadhani imetoka na harusi zimefuatana kila wiki. Shangazi alipiga simu Unguja, akapiga Dar, akamsumbua hata binamu yake aliyeko Maskati. Jibu likawa moja: aina hiyo haiji tena. Akaagiza utepe wa mashine inayofanana, ukaja, haukuingia. Maharusi walikuwa wanangoja, mama zao wanatuma watoto kuuliza. Ndipo Hamadi akaja uani akasema kwamba yuko mtu Dar anayezijaza upya katriji zilizokwisha. "Nipe tupu zote ulizonazo. Yeye anachukua tupu, analeta zilizojaa. Kama mtungi wa gesi."

Shangazi hatupi kitu cha plastiki. Katriji zote alikuwa amezitia ndani ya gunia la mchele chini ya kitanda. Usiku nilisoma tena kitabu kidogo cha mashine, na asubuhi nikachukua katriji moja, nikavuta utepe wake mbele ya dirisha. Mama, picha zote zilikuwemo. Rangi inapotoka kwenda kwenye karatasi, mahali pake hubaki wazi, kwa hiyo kila uso unabaki kwenye utepe, mweusi palipokuwa peupe, kama zile filamu alizoacha baba ndani ya bati la biskuti. Nilimtambua Rukia. Nilitambua hata pini zake za nywele.

Nikamwita shangazi. Akaja na mwiko mkononi, akatazama. Akatazama tena, akauviringisha ule utepe kwa kidole chake mwenyewe mpaka ukaingia wote.

"Tuzichome, shangazi," nikasema.

"Na za kubadilishia nitatoa wapi? Nitazaa?" Akanirudishia katriji. "Hapana ntu atakayekaa avute takataka hii. Vaa baibui, umpelekee Hamadi."

Nililichukua gunia mimi. Barabara nzima iliniona.

Hakuna kilichokwenda Dar. Gunia lilikaa nyuma ya duka mpaka vijana wa barazani wakaligundua. Waliuvuta utepe wakaupandisha juani, wakaupiga picha kwa simu, na simu za siku hizi zinajua kugeuza nyeusi ikawa nyeupe. Picha za Rukia ndizo zilizotembea zaidi kwa sababu ni mzuri. Zilimfikia mumewe akiwa kazini Unguja. Alimtumia talaka kwa ujumbe wa simu, na ndugu wa mume wakamrudisha kwao Vitongoji na sanduku lake juu ya gari la ng'ombe, mchana, watu wakitoka Ijumaa.

Tulipoletewa habari kwamba mama yake Rukia, Bi Time, anakuja na dada zake, shangazi aliniingiza jikoni.

"Watauliza nani aliyetoa gunia. Useme ni weye, na useme hukuniambia."

"Lakini shangazi, wewe ndiye uliye..."

"Najua nani aliyefanya. Sikukuuliza hilo." Alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia, kimoja kimoja, kila mkono wa kikombe akiuelekeza upande mmoja. "Mtoto husamehewa, mtu mzima hasamehewi. Miye nikianguka, nyumba hii inaanguka na weye ndani yake. Ukitaka kusema kweli yako, iseme. Boti ya Jumamosi utapanda, na jina lako la mtihani lipo huku Pemba, halipo Tanga."

Unajua nimesoma namna gani kwa ajili ya mtihani huu, mama. Unajua uliuza cherehani ili nije.

Walikuja, na Rukia alikuwa nao. Walikaa mkekani na chai hawakuigusa. Bi Time akaniuliza mimi, hakumtazama shangazi. Nikasema ni mimi. Nikasema sikumwambia mtu.

"Hao vijana walikupa nini?"

"Sikupewa kitu."

"Basi ni husuda." Aliwageukia dada zake. "Mtazameni. Huyu hakuna atakayemtaka uso wake, ndiyo akaona agawe wa mwanangu. Si ndiye Bi Spea? Haya Bi Spea, tafuta spea ya mume wa Rukia, utuletee!"

Hakuna aliyecheka. Bi Time akasema, "Vua mtandio."

Nilimtazama shangazi. Shangazi alitazama birika. "Vua, mwanangu, yaishe," akasema, kwa upole ambao sijapata kuusikia kwake tangu nije.

Nikavua. Nilikuwa nimefumua nywele zangu za shule siku ile, zilikuwa zimesimama ovyo. Rukia ndiye aliyeshika simu. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, akaniambia, "Inua uso. Nami niliambiwa niinue, nikainua." Alipiga picha mara nyingi, akimpa mama yake kutazama, akipiga tena. Picha hizo sijui zilikokwenda. Nikipita barazani vijana hucheka, lakini walikuwa wakicheka tangu zamani.

Siku ya pili shangazi alinunua ile ya chupa za wino. Wateja wanapokuja anawaambia, "Printa si kuipenda tu, mwanzo uulize vitu vyake vinapatikana wapi," na wao wanaitikia kwamba Bi Asya ana akili. Wamerudi wote. Kosa limeshapata mwenyewe, na mwenyewe ni mimi, nami chumba cha picha nimekatazwa mbele yao. Usiku tukiwa wawili ananipa minofu ya samaki na kuniuliza hesabu zinakwendaje.

Nisalimie bibi, lakini ukimsomea uruke habari ya mtandio. Nisalimie baba mdogo Omari aliyenifungia sanduku langu la safari, na Mama Chiku jirani yetu. Wao waambie nasoma. Idi mwambie dada yake anamtaka amalize juzuu ya Amma kabla sijarudi.

Sasa ombi langu. Shangazi atakapokupigia nitakuwa nimekaa ubavuni mwake na spika imefunguliwa. Usinitetee, mama. Usiniulize hata kama ni kweli. Ukinitetea kwa neno moja atajua nimekueleza, nami nitapanda boti. Nigombeze. Sema nimekuaibisha. Sema baba angekuwa hai angenikana. Wala usiigize, kwa sababu sauti yako naijua, na yeye masikio yake ni makali kuliko yangu. Tafuta jambo lolote nililowahi kukuudhi kwalo kwelikweli, ukasirike nalo hilo. Na ukinisikia nalia usipunguze, endelea mpaka yeye mwenyewe akwambie basi.

Mwanao akupendaye,
Zuhura