Mama, Jumamosi Usizime Simu

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu za mwanao aliye mbali. Magoti yanaendeleaje na baridi ya huko Nyamira? Mimi ni mzima, ila nimekonda. Dada Moraa akusomee polepole. Sikuandika Ekegusii kwa sababu mkalimani wa hapa husoma barua zote, na asiyoielewa huichana.

Mama, siko kazini tena. Nilitoroka kwa tajiri aliyekuwa akinifungia ndani, na pasipoti alibaki nayo. Huu ni mwezi wa tisa niko kizuizini. Sijaona hakimu wala wakili. Nilimuuliza karani nimefungwa miezi mingapi. Akasema, "Wewe hujafungwa. Unangoja tu."

Ili nirudishwe, lazima mtu wa nyumbani aseme kwa simu kwamba mimi ni wake. Simu yangu waliichukua, na namba niliyoijua kwa kichwa ni yako tu. Karani huja upande wetu Jumamosi tu. Amepiga mara tatu, mara zote imezimwa. Nilijua huizima tangu jua la Ijumaa linapozama, na bado nikaitoa namba hiyo. Nikamwambia, "Mama yuko kanisani, jaribu kesho." Wenzangu wakaangua kicheko. Mganda niliyelala naye ubavu kwa ubavu akasema, "Mkisii, ungezaliwa Sabato, mama yako angekurudisha tumboni?"

Hata mimi nilicheka. Jumamosi iliyofuata ikawa zamu yake. Kwao simu haikupokelewa mara ya nne. Walimchukua bila viatu. Askari alisema amehamishwa. Tulipouliza wapi, akatuambia tukunje blanketi lake.

Karani yuko likizo mwezi huu. Akirudi, yangu itakuwa ya nne.

Mama, najua msimamo wako. Sikuombi uchume chai wala uwashe jiko siku hiyo. Iache simu iwake tu. Ikilia katikati ya mahubiri, toka nje upokee. Usianze kuwauliza habari za kwao, wao hukata haraka. Sema jina langu lote, useme mimi ni wako.

Nisalimie kaka Momanyi wa kiwanda cha chai Itumbe, na shangazi anayeuza ndizi Keumbu. Mzee wa kanisa naye mwonyeshe barua hii, asikulaumu.

Zikipita Jumamosi nyingi bila simu kulia, usiniandikie tena kwa anwani hii.

Ni mimi mwanao,
Osoro