Mtihani Ulinitaka Niimbe Sauti ya Mwenzangu

Mpendwa Shangazi Tsisana, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo nitakalolijutia, na jina langu tafadhali usilichapishe, maana huku kwetu Guria gazeti lako mama mkwe wangu hulisoma lote, mpaka matangazo ya vifo, kabla halijafungiwa mayai.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, nina mume mwema, na kwa miaka kumi na tisa nimewafundisha watoto wa shule ya kijijini kwetu kuimba bila cheti cha aina yoyote, kwa masikio tu kama nilivyofundishwa mimi, mpaka miaka minne iliyopita mkuu wa shule akaniita na kuniambia kwa upole, huku akitazama dirishani, kwamba utaratibu umebadilika na asiye na shahada ya ualimu wa muziki hatasimama tena darasani, ila watanivumilia nikiwa masomoni, basi nikajiandikisha chuo kikuu mjini nikakaa dawati moja na wasichana ninaoweza kuwazaa, ambao siku ya kwanza walisimama wote nilipoingia wakidhani mimi ndiye mwalimu.

Shangazi, sikujua shahada hiyo inadai mengi kiasi kile. Walitaka nipige piano, vipande vitatu bila kutazama karatasi, na mimi piano nilikuwa naijua kwa kuipangusa vumbi tu pale ukumbini kwetu, walitaka niongoze kwaya kwa mikono yote miwili, nisome historia ya muziki na saikolojia ya mtoto, nifundishe wiki kumi na mbili katika darasa la mtu mwingine huku ameketi nyuma anaandika makosa yangu, na walitaka imla, yaani wao wanapiga wimbo kwenye piano na wewe unauandika kwa nota, na haya yote niliyapita, mengine kwa machozi, imla ikanitoa jasho mwaka mzima lakini nikaipita, ukabaki mtihani mmoja tu, solfa ya mdomo, yaani piano inapiga wimbo na wewe unaurudia kwa kuimba, mwezi wa sita mwaka huu.

Lakini hutanielewa nisipokueleza nilivyolelewa. Nililelewa na mama mkubwa Lamara, dada wa mama yangu, aliyekuwa mchuma chai enzi zile vilima vyetu vyote vilipokuwa chai, si msitu wa miiba kama leo, na jioni wanawake wakirudi na vikapu vitupu mgongoni walikuwa wanaimba, mmoja akianza wengine wanaingia, na nyumbani tulikuwa watatu, yeye sauti ya kati, dada yangu Tsitsino ya juu na mimi ya chini, maana kwetu wimbo una sauti tatu na mtu huna wimbo, una sauti yako tu, mengine wanayo wenzako. Alinifundisha nikiwa na miaka sita tukimenya karanga za miti jikoni, anaimba sauti yangu pamoja nami, ileile, mpaka anaona imenikaa, halafu polepole anaiacha na kwenda kwenye yake, nami nashtuka kujikuta nimesimama peke yangu na sikuanguka. Mpaka leo nikisikia harufu ya karanga mbichi naanza kuimba chini kwa chini. Na alikuwa na sheria moja, kwamba mtu akianza kuimba usimwache peke yake, na ukiingia usiingie na sauti yake, ingia na yako, maana kuimba alichokwisha kukishika mwenzako ni kama kumpokonya kijiko mkononi.

Mama mkubwa alikufa, Mungu amweke pema, na Tsitsino yuko Ugiriki mwaka wa kumi na moja sasa akimtunza bibi kizee wa watu, tunajaribu kuimba kwenye simu lakini simu huichelewesha sauti, tunagongana, tunacheka, halafu hakuna anayecheka tena.

Sasa siku ya mtihani piano ya chumba kile ilikuwa imefunguliwa tumbo inatengenezwa, basi profesa, nitamwita Bi Medea, mwanamke mpole mwenye sauti nzuri nyembamba, akasema, "Hakuna neno, nitakuimbia mimi. Sikiliza, kisha rudia," akaanza kuimba, peke yake, katika chumba kikubwa kitupu, na Shangazi naapa sikukusudia, hata hakumaliza mstari wa kwanza, nikaingia na besi, ile sauti yangu ya chini. Akanyamaza. Akatabasamu, akasema nimngoje amalize, ndipo nirudie alichoimba yeye. Akaimba tena, nikauma midomo nikangoja, zamu yangu ilipofika nikafungua kinywa na kilichotoka ni besi. Mara ya tatu nilianza vizuri kabisa, ile ile yake, lakini yeye kwa huruma akaivumisha chini kwa chini ili anisaidie, na nilipomsikia tu nikateremka tena. Wenzake wawili waliokaa naye walikuwa wanatazama meza. Akaniambia, "Mama, umeimba vizuri kuliko wote niliowasikia leo. Lakini sicho nilichokuuliza." Wakanipa sifuri ya solfa na tarehe ya kurudia, Jumatatu ya tarehe tisa Septemba. Piano hainifanyi hivyo, piano haina upweke, lakini mtu akiimba peke yake mbele yangu siwezi kumwacha.

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Niliporudi nyumbani mchana nilikuta mama mkwe, Bi Nanuli, ameshachinja bata mzinga, mikate ya jibini imejaa meza, majirani wameketi na Mzee Varlam ndiye mwongoza karamu, ameshika pembe ya divai, na mama mkwe akanikumbatia mlangoni akauliza, "Umewaonyesha?" nikajibu, "Nimewaonyesha." Hilo tu. Wakainua vikombe kuniombea, wakawaombea waliokufa, mama mkubwa wangu akatajwa, mume wangu akalia, nami nikanywa kila kikombe kama mtu mkweli. Tangu siku hiyo mama mkwe ameshapigilia msumari ukutani pa kutundika shahada, kando ya picha ya marehemu mumewe, na kila akipita anaupangusa.

Na baya zaidi, mezani tuliimba, Mzee Varlam juu, mume wangu kati, mimi chini, na tulipomaliza mzee akainama sikioni pangu akasema, "Binti, zamani ulikuwa unaitafuta sauti mpaka unaipata. Siku hizi unakuja nayo umeshaipima." Aliyasema bila ubaya, lakini yalinichoma, kwa sababu ni kweli, ile miaka minne ya piano imeninyoosha sikio, zile sauti zetu ambazo haziko kwenye piano, zinazokaa katikati ya kidude cheupe na cheusi, siku hizi huwa zinanipita, na sikuwa na kitu kingine cha mama mkubwa isipokuwa hicho.

Kwa hiyo naona heri niache. Shule inataka karatasi kabla ya tarehe kumi na tano, nisipoipeleka watoto wangu kumi na mmoja watapewa mwalimu wa mjini. Nikae nyumbani na sikio nililoachiwa, au nirudi nikajifunze kuimba kama kasuku, nipate shahada na nipoteze kilichonifanya niitake? Na mama mkwe nimwambie nini?

Ni mimi,
Sauti ya Chini, Guria

*

Sauti ya Chini, mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikiwa na leso. Hapo kwenye chumba kitupu na profesa akisubiri umrudie, na wewe unamtia besi mara tatu, nilicheka hadi paka akatoka nje. Pole. Nimecheka kwa sababu hata mimi ningefanya hivyohivyo, na kila mtu wa kwetu pia, ndiyo maana hakuna haja ya kuona aibu.

Sasa tuache kubembelezana. Tuanze na uongo, maana huo unaoza kuliko vingine. Umemwacha mama wa watu apanguse msumari tangu Juni! Mficha maradhi kilio humfichua, na huyo Bi Nanuli, kama ni msomaji wangu kama usemavyo, gazeti hili analo mkononi Jumamosi asubuhi, na hakuna mwanamke mwingine Guria nzima mwenye bata mzinga, profesa na miaka arobaini na minne. Nimekutumia jibu hili kwa posta kabla ya gazeti kutoka, kwa hiyo una siku ya leo. Kamwambie jikoni, mkifanya kazi, mtu akisikia habari mbaya mikono yake iwe na shughuli. Usimletee maelezo marefu. Mwambie, "Mama, sikupita, niliona aibu, narudi tarehe tisa." Atakufokea. Mwache afoke, ni haki yake, bata alikuwa wake. Na ukimsimulia ulivyofeli, nakuhakikishia hatafika mwisho bila kucheka.

Umegundua nimekuambia umwambie "narudi." Ndiyo, unarudi. Ukiyavulia maji nguo huna budi kuyaoga, na wewe umeshaoga miaka minne, umebakiza kisigino.

Unasema hutaki kuwa kasuku. Binti, isome barua yako mwenyewe. Ni nani aliyekuwa anaimba sauti yako, ileile, jikoni, mpaka ikukae? Mama mkubwa wako alikuwa na sauti ya kati. Ile ya chini haikuwa yake, na bado aliishika, akakubebea, akakukabidhi, kisha akarudi kwake. Na bila shaka Tsitsino naye alipewa ya juu hivyohivyo. Lamara alikuwa na zote tatu. Mtihani ule uliokushinda yeye aliufanya kila jioni na karanga mkononi, bila chuo na bila cheti. Ile sheria yake ya kuingia na sauti yako, si ya mwenzako, ni ya waimbaji, na ni sheria nzuri, uishike mezani mpaka ufe. Lakini wakati anakufundisha aliivunja kila siku, na hukuona, kwa sababu ulikuwa mtoto. Mwimbaji ana sauti moja. Mwalimu hana ruhusa hiyo. Umewafundisha watoto miaka kumi na tisa, na naomba unijibu kwa ukweli: ni wangapi wanaoimba besi? Nahisi nusu ya kijiji.

Kuhusu Mzee Varlam, huenda amesema kweli. Sikudanganyi ili ulale vizuri. Piano hunyoosha. Lakini aliyepoteza sikio hajui kama amelipoteza, na wewe uliposikia maneno yale yakakuchoma papo hapo. Kwa hiyo bado lipo, limevaa tu nguo za mjini. Na dawa yake ni mzee huyohuyo. Kuanzia kesho nenda kwake kila asubuhi, mchukulie mkate wa mahindi ungali moto, umwombe aimbe sauti yake ya juu peke yake, nawe umrudishie ileile, na upotofu wake wote mtamu ambao piano haina. Atakasirika, atasema unamwibia. Mwambie ni amri yangu, na kama ana ugomvi aniandikie, najibu barua zote. Wiki mbili hivi zitakutosha. Ukiweza kumrudishia Varlam bila kuteremka, huyo Bi Medea hatakusumbua. Na umwandikie Bi Medea pia, barua fupi ya heshima, umweleze kwa nini ilikutokea. Usimwombe akupunguzie. Umwombe kitu kimoja tu, asikuvumishie. Mpole kama huyo lazima atakubali.

Mwalimu wa mjini simlaumu, hata simjui. Pengine ni mzuri. Lakini hana sauti za Lamara, na hawezi kuwapa watoto asichopewa.

Nilitaka kuishia hapo, ila nitakuambia jambo ambalo sijawahi kuliandika. Baba yangu aliimba na kaka zake wawili, kule kwetu Imereti, na hakuna harusi iliyofungwa wilayani bila wao. Mimi nilikuwa napeleka sahani, nikasikia nyimbo zile labda mara mia, na sikujifunza hata moja, nilidhani zitakuwepo siku zote kama mlima. Wa kwanza alikufa, kisha wa pili, na baba akawa anakaa mezani, wengine wakiimba za kisasa anafungua kinywa, anasikiliza, anakifunga. Mwaka wa mwisho wa uhai wa baba, kaka yangu alimwekea kinasa sauti mbele yake akamsihi aimbe wimbo wao ule wa harusi, ule ambao watu walikuwa wakiusikia wanasimama. Baba akakohoa, akaimba wote, mwanzo hadi mwisho, dakika nne na nusu.

Ninayo kanda hiyo. Nimeipeleka kwa wataalamu wawili na kwa wazee wote waliobaki. Ni besi peke yake. Wimbo wenyewe hakuna anayeujua.

Nenda tarehe tisa.

Shangazi Tsisana