Kasanduku ka Courant mu Radio ya Ambulance

Mujikulu wangu Kapinga,

Jambo sana. Huku Dilala tuko bazima, na mama yako amepona malaria. Unauliza juu ya nini nilimuoa nkambo yako mwanamuke, Ngalula.

Wakati ya Zaïre, miye na yeye tulikuwa tunatengeneza radio. Siku moja radio ya ambulance, yenye shoferi alikuwa anasemea na hospitali, ilikufa: kasanduku kadogo kenye kuleta courant, ni kusema umeme, ku carte, kale kabao ka nyuzi za ndani, kaliungua. Shoferi alikuwa anaenda kubeba mama mwenye alikuwa karibu kuzaa.

“Ungeni radio moja kwa moja ku batri, niende!” shoferi akasema.

“Hapana, tata,” Ngalula akasema. “Courant ya batri ni mingi, itachoma carte yote.”

Akatosha kasanduku kengine mu radio ya zamani, akakapima, akakashikamanisha ku carte polepole na soudure, madini ya kuyeyusha. Sauti ya hospitali ikatoka, shoferi akakimbia. Mutoto alizaliwa muzima.

Jioni ile nikapiga hodi kwa baba ya Ngalula, kuomba nimuoe.

Nkambo yako mwanaume, Ilunga