Ukuta wa Upande wa Ng'ombe

Dada yangu Mwanahawa,

Shikamoo dada. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Likunja, wewe na shemeji, na kifua cha mama kiwe kimetulia tangu mlipompeleka kutibiwa Mnero. Mbaazi mmeshatoa shambani? Mimi mwili ni mzima. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu nalia kabla sijamaliza kukuamkia, na wewe unabaki "Somoe, kuna nini? Somoe!" mpaka salio linakwisha.

Dada, mambo yameniharibikia.

Unajua kwamba huku Wales, Uingereza, nililetwa kumtunza mzee Emrys, mgane anayeishi peke yake mlimani. Binti yake mmoja tu, Nia, yuko mjini, mbali. Lakini nyumba yenyewe sikuwahi kukueleza. Ni ya mawe matupu. Mababu zake waliyaokota humo humo shambani, kila walipotifua ardhi walime. Kila ukuta ni kuta mbili zilizoegemeana, katikati wameshindilia kokoto na udongo, saruji hawakutia hata kijiko. Ni nene hivi kwamba ukisimama dirishani ukanyoosha mkono, vidole havifiki nje. Paa ni mawe meusi yaliyopasuliwa membamba, makubwa chini, madogo juu. Meko yake unaingia ndani ukakaa, na boriti iliyo juu yake imekuwa nyeusi kwa moshi wa watu waliokufa zamani.

Nyumba ni ndefu na imelala kwenye mteremko. Mlango mmoja: ukiingia, kulia watu, kushoto ng'ombe, wote chini ya paa moja. Ng'ombe waliwekwa upande wa chini ili mkojo uteremke, na joto lao liwafikie watu wakati wa baridi. Nilicheka mzee aliponieleza. Akasema, "Cheka tu. Mama yangu alinizaa hapa, ng'ombe wakisikiliza."

Ardhi haikuwa yao. Walikuwa wapangaji wa tajiri mmoja, kizazi hadi kizazi, na wakati wowote wangeweza kuambiwa ondokeni. Babu yake ndiye aliyefanikiwa kuinunua. Kwa hiyo Nia alipomwomba ahamie mjini, mzee alimgeuzia uso ukutani.

Mwaka huu akili yake ilianza kuondoka. Unakumbuka bibi alivyosahau Kiswahili chote, akabaki na Kimwera? Emrys naye Kiingereza kilimtoka, ikabaki lugha yao ya Kiwelisi. Bibi tulikuwa tunamwelewa, dada. Mimi huku nilikuwa sielewi kitu. Nilijifunza maji, mkate, na "Mam". Mam ni mama, na ndivyo alivyoniita. Mzee wa rika la babu yetu ananiita mama, na Salma wangu niliyemzaa mwenyewe anakuita mama wewe. Sikulaumu. Wewe ndiye unayemwogesha.

Basi mvua zikaja, si za kwetu za kupiga na kupita, ni za kukaa wiki nzima. Ukuta wa upande wa ng'ombe ukaanza kuvimba nje kama tumbo. Nikampigia Nia. Akasema, "Ukuta huo umesimama tangu zamani, Somoe. Nitatuma fundi." Fundi alikuja wakati hakuna tena cha kutengeneza. Akasema kuna mtu aliupaka saruji miaka ya nyuma akidhani anausaidia. Maji yakaingia, yakakosa pa kutokea, udongo wa ndani ukawa uji.

Ukuta ulianguka mchana. Nilikuwa napika. Mzee alitoka akielekea upande wa chini, ambako ng'ombe hawajalala miaka mingi. Nikamfuata. Kabla sijamfikia nikasikia mngurumo, nikadhani ni gari. Paa lote la upande ule lilishuka. Nilimkuta kwenye ukumbi wa mlangoni, kati ya upande wa watu na wa ng'ombe, mguu uko chini ya mawe, analia "Mam, Mam." Niliyatoa kwa mikono. Kucha mbili ziling'oka, lakini nilimtoa.

Hospitali wakamtengeneza mguu, kisha Nia akamweka kwenye nyumba ya wazee. Huko akakataa kula. Nikaitwa. Muuguzi mmoja anayejua lugha yake akanitafsiria: "Anauliza ng'ombe wameingia ndani?" Nikasema mwambie wote wameingia. Akala vijiko vichache mkononi mwangu. Kesho yake nikarudi, hakufungua mdomo. Wiki hiyo hiyo alifariki. Nia alinishika mabegani, tukalia wote wawili, kisha akaniambia nyumba inauzwa.

Na mimi hapa ndipo nilipo, dada. Kampuni iliyonileta inasema bila mtu wa kumtunza, kibali changu cha kuishi huku kinakufa. Nimeomba kazi kila mahali, wanasema tutakupigia. Nimebaki peke yangu upande wa watu, upande wa ng'ombe ni turubai tu linalopigwa na upepo. Sijui kulala tena. Nikisikia jiwe linateleza nasimama. Siku nzima sisemi neno na mtu, na jana nilijikuta najisemesha kwa Kimwera kwa sauti, nikaogopa.

Narudi nyumbani, dada, na sirudi na kitu. Nilitaka nirudi na bati za nyumba ya mama na ada ya Salma. Narudi na sanduku nililoondoka nalo. Watu wa sokoni Ruangwa watasema, najua, na wewe ndiye utakayesikia kabla yangu. Nivumilie. Kama hutaki nifikie kwako, niambie mapema nifikie kwa mama.

Nakuomba jambo moja tu. Usimfundishe Salma kuniita mama. Usimsukume anikumbatie mbele za watu. Mwambie kuna mgeni anakuja, anaitwa Somoe, anajua kupika. Mengine niachie mimi na yeye.

Nisalimie mama, umwambie mkono wangu umepona. Nisalimie shemeji, na mjomba anayechoma tofali, na shangazi wa Nachingwea aliyenishonea gauni la safari. Salma mshike kichwa tu kwa ajili yangu, usiseme ni salamu za nani.

Ni mimi mdogo wako unayemjua,
Somoe