Saa Niliyompa Mama Yako

Koku, rafiki yangu,

Swali nililohangaika nalo miaka yote ya kukimbia kwetu unalijua, maana ulilicheka mara nyingi: je, mtu anayefanya mazoezi kidogo anaweza kuchukua muda wake wa nusu marathoni akautumia kukadiria muda wa marathoni nzima? Mimi nilishikilia kwamba anaweza. Wewe ulisema nusu ya pili tutaikodia bodaboda. Nakuandikia kwa sababu nimelijaribu swali hilo bila wewe, na aliyeumia ni mama yako.

Tangu tukuzike, Mama hali vizuri. Wadogo zako wanampikia. Anaonja, kisha anaisogeza sahani. Ndiyo maana siku ya kuanua matanga nilisimama mbele ya watu pale kwenu Nkwenda nikatangaza kwamba marathoni tuliyojiandikisha wote wawili, ile inayoanzia na kuishia karibu na kwenu, nitaikimbia peke yangu, kwa ajili yako. Mama aliinua uso kwa mara ya kwanza siku ile. "Utafika saa ngapi, mwanangu? Nataka nikupikie."

Lilikuwa swali la mpishi. Kwenu, kama kwetu Nyaishozi, chungu cha ndizi kikishafunikwa kwa majani ya mgomba kwa ajili ya mtu, hakifunuliwi mpaka mtu huyo aingie, hata kama wenyeji wanasinzia kwa njaa. Ningeweza kujibu, "Sijui, Mama." Nilijibu: saa nne na robo asubuhi. Nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba nimepiga hesabu.

Hesabu yenyewe unaikumbuka. Ile nusu marathoni ya mwisho tuliyokimbia pamoja tuliimaliza kwa saa mbili. Niliuzidisha muda huo mara mbili, nikaongeza robo saa kwa ajili ya uchovu. Kanuni hiyo si ya uongo, lakini imetokana na miguu ya watu wanaokimbia karibu kila siku. Sisi tulikuwa na Jumamosi zetu, na Jumatano moja moja mvua ikituhurumia na ofisi ya Rubwera ikiniachia mapema. "Mtakwimu," ulikuwa ukiniita, "unakimbia kama mtu anayewahi kusaini mahudhurio."

Kinachonitia aibu zaidi ni kwamba kosa hili ningelikataa mara moja kama lingeletwa mezani kwangu. Kazi yangu ni kukadiria mavuno. Kila mtu hapa anajua kwamba migomba iliyo karibu na nyumba hunenepa kwa majivu na maganda ya jikoni, na ile ya mwisho wa kibanja hujitegemea. Afisa akinikadiria shamba zima kwa migomba ya mlangoni, namrudishia karatasi yake. Nami nilifanya hivyohivyo kwa mwili wangu. Nusu ya kwanza ndiyo migomba ya mlangoni. Huko mwisho wa shamba sikuwa nimewahi kufika.

Siku ya mbio tulianza saa kumi na mbili asubuhi, kukiwa na ukungu. Nusu ya kwanza ilikwenda kama nilivyotabiri, na nakiri kwamba sikukuwaza wewe. Niliwaza jinsi nilivyopatia. Kisha, muda fulani baada ya kugeuka, mapaja yakagoma. Sina neno la kitaalamu. Nilitembea, nikajaribu kukimbia, nikatembea tena, na saa nne na robo ikanipita nikiwa kwenye kilima, nimeshika magoti.

Hapo ndipo alipopunguza mwendo kijana wa bodaboda. "Dada, panda! Wenzako wameshaoga!" Nilikataa. "Bei ya ujirani, na siri naifunga." Nilicheka, kisha nikalia, maana ni wewe mtupu. Akaacha utani. "Basi kuna mtu nimpelekee habari huko mbele?"

Nilimwambia, "Hakuna. Nafika sasa hivi."

Koku, hilo lilikuwa kadirio langu la pili.

Nilifika saa saba, utepe wa mwisho umeshakunjwa. Mama hakuwa ndani. Alikuwa amesimama kando ya barabara, kitenge kimemteleza begani, akitazama nilikotokea. Sebuleni wazee walikuwa wakitafuna buni za kahawa kudanganya njaa, na chungu kilikuwa bado kimefunikwa. Nilipoanza kuwaamkia, shangazi yako hakuningoja nimalize: "Marahaba, marahaba, keti tule! Tumetafuna kahawa mpaka meno yametuchoka."

Walicheka. Nami nikacheka. Kisha mdogo wako akanivuta pembeni akaniambia kwamba tangu saa tano Mama alikuwa akirudia maneno yaleyale: "Huyu naye nilipewa saa yake."

Labda hukuwahi kulijua hili. Siku ile tulipoambiwa hospitalini kwamba ungeruhusiwa kabla ya adhuhuri, Mama alikupikia. Alikifunika chungu, tukakaa. Adhuhuri ikapita, na kilichokuja kilikuwa simu. Chungu kile kiliondolewa jikoni bila kufunuliwa. Nilikuwepo. Nilishika upande mmoja tulipokibeba. Hata hivyo nilisimama mbele ya mwanamke huyohuyo nikampa saa nyingine, kwa sauti ya mtu anayejua.

Mama alinishika viganja, akaniminya kama anayepima homa. Badala ya kumwomba radhi, nilianza kumweleza habari za vilima, jua na ile kanuni. "Kula, mwanangu," akasema. Akafunua majani, mvuke wenyewe ukiwa umekwisha, akala pamoja nami mpaka akamaliza. Wadogo zako wanasema mbio zile zimemponya. Ningependa kuamini. Lakini mtu aliyekaa na njaa tangu asubuhi atakula, na siwezi kuutenganisha moyo wake na tumbo lake kwa mlo mmoja.

Kuhusu swali la zamani, nimepata jibu dogo: kwa mazoezi kama yetu, nusu haisemi ukweli wote kuhusu nzima, ingawa mbio moja ya mtu mmoja si ushahidi wa kutosha. Lililobaki silipatii ufumbuzi. Kwa nini sikupanda pikipiki, au walau kumtuma yule kijana kwa Mama? Nimejiambia kwamba nilikuwa natimiza ahadi yangu kwako. Siku nyingine naona nilikuwa nailinda hesabu yangu hata baada ya kushindwa. Ili kujua, ningehitaji kukikimbia tena kilima kile ukiwa kando yangu unanitania, na pasiwe na mtu anayengoja. Hilo haliwezekani tena, na kila sababu ninayojipa sasa inatoka kwa mtu anayetaka kusamehewa.

Mama amenialika Jumapili, baada ya ibada. Ameuliza tena saa. Nimemjibu hivi, na nakuahidi ndivyo nitakavyojibu kila atakaponiuliza: "Nakuja, Mama, ila saa siijui. Funueni chungu mle. Mtanibakizia."

Lala salama, Koku. Nusu yako ya barabara nimeitembea.

Mtakwimu wako